Papa Koti Hajazikwa

Jumapili hiyo Cathy alisimama filamu ikiwa bado katikati, akakung'uta kitenge chake kana kwamba alikuwa amekalia majivu, akatangaza mbele ya uwanja mzima kwamba yeye sasa amechoka.

"Minyi naenda kukaanga mikate yangu. Hii filme imekufa kuliko maiti yake."

Watu wakacheka. Cathy, ambaye nyumba yake ilipakana na ya kina Tshiala, wenye uwanja na televisheni, na ambaye hakuwahi kukosa hata Jumapili moja, aliona amepata wasikilizaji, akanyoosha kidole kwenye televisheni.

"Angalieni ule mwanamuke. Dunia imeisha miaka kumi. Saluni hakuna, sabuni hakuna, maji banapigania. Na nyusi yake njo ile ile! Minyi niko na maji ya kisima hapa nyuma, angalieni nyusi yangu."

"Nyusi yako haina makosa, Cathy," Kaku Mianda alisema kutoka kwenye kiti chake. "Sura njo iko na makosa. Kaa chini."

Cathy akakaa, akicheka kuliko wote. Mikate ilisahaulika. Lakini Tshiala, aliyekuwa kwenye kigoda kando ya televisheni, mikono ikiwa imebanwa kati ya magoti, hakucheka. Kila lawama iliyotupiwa ile filamu ilimpata yeye kwanza, kama mtu aliyesimama mbele ya dirisha linalopigwa mawe. Na alikuwa na sababu.

Pale uwanjani waliiita Filme ya Maiti. Ilikuwa na misimu kumi, na yote ililetwa kwenye flashi kutoka kwa Ngoy, kijana mwenye kibanda karibu na kituo cha gari la moshi, anayewajazia watu nyimbo na filamu. Misimu ya kwanza ilikuja katika Kifaransa. Kaku, bibi yake Tshiala, alijua Kifaransa cha salamu tu. Cathy alijua cha kubishana. Kwa hiyo Tshiala, aliyemaliza chuo cha ualimu, upande wa Kifaransa, aliambiwa akae pale mbele awatafsirie. Yeye, ambaye darasani alihitaji kumeza mate mara tatu kabla ya kuita jina la mwanafunzi! Lakini akiwa amewapa watu mgongo nusu, na mwanga wa televisheni usoni, sauti ilimtoka. Watu wakasema, sikilizeni huyu mtoto wa Muamba, kumbe yuko na mdomo.

Na ilikuwa filamu kweli, siku hizo. Maiti, wafu walioinuka kula watu, walikuwa wachache, mmoja akitokea nyuma ya mlango wanawake wote walikuwa wanashikana. Walionusurika walikuwa watu tisa kwenye lori moja, wakiongozwa na bwana mwenye ndevu ambaye uwanja ulimpa jina la Kapita. Ungeweza kuwahesabu kama watoto wako. Mmoja akifa, hata kama hatari ilikuwa inakuja, Kapita alisimamisha lori, wakachimba, wakamzika, mtu akasema neno. Kwa Kaku hapo ndipo filamu ilipokuwa. Mengine yote, bunduki na mbio, alikuwa anayavumilia tu.

Kisha Ngoy akaleta msimu wa saba, na ulikuwa wa Kiingereza.

"Ya Kifaransa haiyafika," alisema. "Beba hii kwanza."

Tshiala alirudi nyumbani akijipanga kuwaambia. Lakini Kaku alikuwa ameshakaa, kilemba kizuri kichwani, na Cathy akasema, "Anza, anza, weye umesoma, iko unajua zote." Kwao, mtu aliyesoma lugha ya Wazungu amesoma lugha ya Wazungu, basi, nani angefikiri kwamba Wazungu wenyewe hawaelewani? Tshiala akameza mate. Alijua "ndiyo" na "hapana" za Kiingereza, na "habari ya asubuhi," ambayo katika filamu ile hakuna aliyeisema. Akaangalia picha, akaanza kutunga.

Alijiambia ni kwa Jumapili moja. Ikawa misimu minne.

Matatizo hayakuchelewa. Kijana mmoja alianguka kutoka juu ya ghala, wenzake wakashika vichwa, Tshiala akatangaza kwamba amekufa. Baada ya Jumapili mbili kijana akarudi, ana bandeji tu mkononi. Uwanja ukamgeukia Tshiala.

"Ni pacha wake," Tshiala alisema, jasho likimtoka.

"Aa!" uwanja ukashusha pumzi, na papo hapo wakawapa majina ya mapacha kama inavyotakiwa: aliyekufa akawa Mbuyi, huyu akawa Kabanga. Lakini sasa kila mara Kabanga alipoonekana, Kaku alikuwa anasikitika. Kwa nini hawakumwimbia Mbuyi nyimbo za mapacha? Watu gani hawa? Mtoto amepoteza mwenzake waliyelala naye tumbo moja, na yeye anakula biskuti!

"Zamani filme hii ilikuwa na akili," alisema.

Na Tshiala hakujua tena. Je, filamu ndiyo iliyopotea njia, au ni yeye aliyeipoteza? Wakati mwingine alijaribu kuitazama tu, bila kutunga chochote kichwani. Watu walitembea porini, wakasimama, wakaongea sana, wakatembea tena. Waliondoka kwenye kiwanda kilichobomoka wakafika kwenye kiwanda kingine kilichobomoka. Jumapili nzima mzee mmoja alitengeneza mlango, akiongea peke yake, na Tshiala akampa maneno ya nusu saa, hata akalala amechoka kana kwamba mlango ule aliubeba yeye. Inawezekana Wazungu wenyewe walikuwa wamechoka. Inawezekana mzee yule alikuwa anasema jambo kubwa kuliko yote. Angejuaje?

Kitu kimoja tu alikuwa na uhakika kwamba hakikuwepo: mazishi. Siku hizi mtu alianguka, wenzake wakamruka. Kaku alikuwa anauliza, "Balimuzika?" na Tshiala, akiona Kapita ameinamisha kichwa kidogo, labda anatafuta funguo, alikuwa anasema, "Ndiyo, Kaku. Walimuzika nyuma ya ile nyumba. Hawatuoneshe, lakini Kapita iko anasema neno." Kisha alitunga hilo neno. Maneno hayo yalimjia bila shida. Alitaja mama wa marehemu, na mto wa kwao, na chakula alichopenda. Wanawake walipangusa macho. Na Kaku alipumua.

Ila Papa Koti. Kwa Papa Koti hakuthubutu.

Papa Koti alikuwa wa msimu wa tatu, wa Kifaransa, kwa hiyo alikuwa wa kweli. Mzee mwenye koti refu, mcheshi, aliyekuwa anawapa wengine sehemu yake ya mkate. Siku moja lori lilisimama, akashuka na dumu kuchota maji. Maiti wakatokea. Lori likaondoka kwa fujo. Papa Koti hakuonekana akifa, hakuonekana akipona. Hakuonekana tena.

Siku ile Kaku aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kwa sababu mwaka wa tisini na tatu, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Likasi, yeye na mume wake Kazadi na watoto walipanda gari la moshi kwenda Mwene-Ditu, watu ambao hawakuwa wamewahi kufika huko, wakiambiwa ndiko kwao. Baada ya Bukama gari lilisimama kwenye kituo kidogo. Kazadi akashuka na kopo kutafuta maji. Gari likaondoka. Kaku alipofika Kamina alishuka na watoto wake na mabunda yake, akasema hatasogea, maana gari linalofuata litamleta. Wengine waliendelea. Yeye alikaa. Magari mengi yalifuata. Miaka ikapita thelathini.

Hakukubali kilio kamwe. Mtu hamlilii mtu ambaye hana habari zake, alisema. Huko ni kumfungia mlango akiwa njiani. Lakini ndugu wa Mwene-Ditu walikuwa wamechoka. Ndoa mbili za wajukuu zilikuwa zimevunjika, na huko walisema ni kwa sababu mzee hakuliliwa. Kabongo, mdogo wa Kazadi, aliandika kwamba mwezi wa saba watakuja wote Kamina, kilio kifanyike, kiishe. Na Kaku, aliposomewa ujumbe huo, baada ya siku tatu alimwambia mwanawe Muamba neno ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Ile filme yetu inaisha mwezi huu. Baniambie Papa Koti aliisha namna gani. Kama bamemupata, kama bamemuzika, na minyi nitaitika ile kilio."

Muamba alimwambia bintiye jambo hilo akitikisa kichwa. Tshiala akahesabu Jumapili zilizobaki.

Zikiwa zimebaki Jumapili mbili, Chancelvie akaingia uwanjani. Alikuwa mke wa askari, ametoka Goma, mume wake amehamishiwa kambi ya Kamina. Kule kambini nafasi hakuna, wakapanga chumba nyumba ya tatu. Cathy alimkokota mkono: njoo, mugeni, njoo uone filme yetu mbaya. Chancelvie akakaa nyuma, mtoto kifuani, akaangalia bila kusema kitu. Mara moja tu, Tshiala alipokuwa anamtungia Kapita hotuba kuhusu mama yake, alimwona mgeni yule amefunika mdomo kwa kitambaa cha mtoto.

Watu walipotawanyika, Chancelvie alibaki mlangoni.

"Dada," alisema polepole, "mi nilikomea Kampala, kwa shangazi yangu. Nilisoma kule kwa Kiingereza."

Tshiala alielewa. Akatazama kama kuna mwingine aliyebaki. "Utawaambia?"

"Niwaambie nini? Yako ni nzuri kuliko yao."

"Basi wao wanasema nini?"

Chancelvie alimweka mtoto begani, akafikiri. "Sasa hata mi sielewi. Kapita anasema 'lazima tuondoke.' Mwanamke anasema 'hatuwezi kuondoka.' Kapita anasema 'tukiondoka tutakuwa akina nani?' Halafu hawaondoke. Nusu saa, dada! Na ule wa nyusi, juzi alikuwa adui yao, leo anawapikia, na hakuna mwenye kuuliza."

"Kwa hiyo ni mbaya kweli?"

"Ni mbaya kweli. Mume wangu aliiona yote kwenye simu, mpaka mwisho. Alilala mara tatu."

Tshiala hakujua kama alitaka kucheka au kulia. Basi hakuwa yeye peke yake! Kisha akakumbuka, akamshika mkono. "Mzee mwenye koti. Wa msimu wa tatu. Aliisha namna gani?"

Chancelvie alikwenda kumuuliza mume wake, akarudi jioni hiyo hiyo. Hakuna. Hawakumtaja tena. Hata jina lake.

Wiki ile Tshiala alitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Jumamosi alimkuta baba yake akipiga pasi shati la misa, pasi ya makaa ikitoa cheche, akamwambia yote: Kiingereza, mapacha, maneno ya makaburi. Alitegemea makofi ya ulimi. Muamba aliweka pasi juu ya kigae.

"Misimu minne?"

"Ndiyo, Baba."

"Na minyi nilimulilia Mbuyi." Akakuna kichwa. Kisha akashusha sauti. "Bon. Kama njo vile, iko rahisi. Kesho unamuambia walimupata Papa Koti. Walimuzika vizuri. Muzuri sana. Weye unajua kusema."

"Baba, ni bongo, ni kudanganya."

"Umesema bongo misimu minne, moja tena itakufanya nini?" Akashika pasi, akaiacha tena. "Tshiala. Minyi nilikuwa na miaka kumi na mbili mu lile gari. Nilimuona akishuka. Toka siku ile sijamulilia baba yangu hata siku moja, juu Mama anakataa. Kila mwaka nangojea ruhusa ya kulia. Uko unasikia?"

Tshiala alisikia. Usiku na asubuhi yake alijitungia maneno. Yalikuwa mazuri, huenda mazuri kuliko yote aliyowahi kutunga.

Jumapili uwanja ulijaa. Hata waliosema wameacha walirudi, kwa sababu mwisho ni mwisho. Kaku alivaa kitenge cha Pasaka. Muamba aliitwa kwa jirani kusaidia kubeba mlango, akasema atarudi sasa hivi. Akapita karibu na bintiye, akamgusa bega, akatoka.

Filamu ilitembea kama kawaida yake. Watu porini, kiwanda, maneno. Cathy alipiga miayo kwa sauti. Halafu, karibu na mwisho, Kapita, ndevu zote nyeupe sasa, akachukua koleo, akaanza kuchimba kwenye bustani. Alichimba peke yake, taratibu, muziki ukilia. Pengine alikuwa anapanda mti. Tshiala aliona mlango umefunguliwa mbele yake na mtu anamwambia pita.

"Anachimba kaburi," alisema.

Kaku akainama mbele. "Ya nani?"

"Ya Papa Koti."

Uwanja mzima ukasema "Eee!" Cathy akapiga makofi mara moja, akajishika mdomo. Lakini Kaku hakulia, hakupumua. Alianza kuuliza.

"Balimupata wapi?"

"Karibu na... karibu na mahali walimuacha."

"Alikuwa peke yake?"

"Ndiyo, Kaku."

"Maji alikuwa ameyapata? Alikunywa?"

Tshiala alifungua mdomo. Neno zuri lilikuwepo, tayari. Akaona mikono ya Kaku imeshika magoti, vidole vimekaza, na akaelewa kwamba bibi yake hamuulizi tena habari za filamu. Akisema alikunywa, Kazadi atakuwa amekunywa. Akisema hakuteseka, Kazadi hakuteseka. Kila atakachotunga sasa Kaku atakibeba mpaka kwenye kaburi lake mwenyewe, na kitakuwa kimetoka kwa msichana aliyeogopa kusema hajui lugha.

"Sijue, Kaku," alisema.

"Hujasikia vizuri?"

"Sijue Kiingereza. Toka sezoni ya saba sijue kintu. Nilikuwa nasema yangu."

Kwenye televisheni Kapita aliendelea kuchimba.

"Ati?" alisema Cathy. "Na Kabanga?"

"Hakuna Kabanga. Ni muntu moja tu. Hakukufa."

"Mbuyi ni muzima?" Cathy aliwageukia wengine kama mtu aliyepata habari njema asiyojua pa kuziweka. "Mbuyi ni muzima, na minyi nilikataa kula siku ile!"

Mtu alicheka. Kaku hakumwangalia Tshiala. Aligeuza kiti chake kizito hadi akamwona Chancelvie nyuma.

"Weye, mama wa mutoto. Nimekuona unafunika mudomo. Unasikia ile luga?"

"Ndiyo, Mama."

"Papa Koti?"

Chancelvie alimtazama Tshiala, kisha akatazama chini. "Hawakumtaja tena, Mama. Tangu siku ile."

"Hata jina?"

"Hata jina."

"Kapita hakuuliza? Miaka yote, hakuuliza siku moja, kwani ule muzee alienda wapi?"

"Hapana, Mama."

Kaku akageuka mbele tena. Televisheni ilikuwa imefika kwenye majina, yanapanda kwa mamia, madogo, upesi. Akaonyesha kwa kidevu.

"Bale bote njo balitengeneza?"

"Ndiyo, Kaku," Tshiala alinong'ona.

"Bantu wengi vile. Na hata moja hakukumbuka."

Akavua kilemba. Nywele zake nyeupe, ambazo Tshiala alikuwa ameziona mara chache tu, zilisimama kwenye jua. Akateremka kutoka kwenye kiti, akakaa chini kwenye udongo, miguu ameinyoosha mbele, jinsi wanawake wanavyokaa kwenye kilio, akaweka mikono kichwani, akaanza. Alilia kwa Kiluba cha Kasai, sauti ndefu, akimwita mzee aliyewapa wengine mkate wake, aliyeshuka akaachwa, ambaye wenzake walikula na kunywa na kuzeeka bila kumuulizia. Wanawake waliangaliana. Halafu Cathy, aliyekuwa anacheka dakika mbili zilizopita, akavua kilemba chake naye, akateremka. Kilio kikianza hakuna anayebaki kwenye kiti. Chancelvie akampa jirani mtoto, akakaa.

Tshiala alibaki amesimama karibu na televisheni. Je, ameharibu, au ametengeneza? Alitaka kuomba msamaha, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsamehe.

Muamba alisikia akiwa kwa jirani. Aliingia mbio, akaona kilemba cha mama yake chini na mama yake kwenye udongo, na uso wake ukafunguka. Hakuuliza kitu. Alipiga magoti kando yake, akalia kwa sauti ambayo Tshiala hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima, akisema Baba, Baba, kama mvulana anayekimbiza gari.

Kaku alinyamaza. Alimgeukia, macho yake yamejaa maji bado.

"Weye unalia nani?"

"Baba," Muamba alisema. "Namulilia Baba, Mama. Asante."

"Apana." Alimshika bega, si kwa ukali. "Hii ni kilio ya Papa Koti. Ule hana muntu. Baba yako iko na minyi. Siku gani sijamuulizia? Hakuna siku."

"Mama, na mwezi ya saba? Na bantu ya Mwene-Ditu?"

"Bakuje. Watakula."

Na akarudisha mikono kichwani, akaendelea pale alipokuwa ameachia. Muamba alibaki amepiga magoti. Hakuweza kusimama, na machozi yaliyongoja miaka thelathini hayakukubali kurudi. Basi akaendelea kulia karibu na mama yake, kila mmoja akimwita mtu wake, na wanawake wakawaitikia wote wawili bila kubagua. Mkono wa Kaku ulibaki begani kwake, na haukumsukuma.

Mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la samaki wakavu alisimama mlangoni, akalitua, akaanza kufungua kilemba.

"Poleni, poleni," alisema. "Nani amekufa?"

Tshiala alimwangalia baba yake, akamwangalia Kaku. Akameza mate mara moja, mara mbili.

"Kaa kwanza, Mama," alimwambia, akamsogezea kigoda.